Stemu ya springi kwenye baiskeli kuukuu: inafaa au ni pambo tu?

Leo naweka kando seva na hifadhidata nizungumzie chuma, raba na vidole. Najua wengi wenu mnapenda zaidi mambo ya programu, lakini vumilieni kidogo. Mada hii inagusa programu kwa karibu sana, kwa sababu mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi haandiki kodi.

TATIZO LENYEWE

Naishi Kiamunyi, na kazi inayonilisha ni kuandika programu. Jioni na wikendi naendesha baiskeli ya milimani ya mitumba: fremu ya chuma ya mwanzoni mwa miaka ya 90, magurudumu ya inchi 26, foki ya mbele ngumu kabisa, hakuna springi popote. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 1, 2021, lakini ukiiacha lami kidogo tu barabara ni zile zile: vumbi la volkeno, mawe, na yale matuta madogo madogo yaliyojipanga kama mabati ya nyumba. Aliyewahi kupanda Menengai au kwenda Bahati kwa njia za ndani anayajua vizuri.

Mwaka jana kidole changu kidogo na kile cha pete, mkono wa kulia, vilianza kufa ganzi. Mwanzoni ganzi ilikaa nusu saa baada ya safari. Baadaye ikawa inanifuata mpaka Jumatatu mchana. Kwa mtu anayechapa kwa vidole kumi, kidole kidogo cha kulia ndicho kinachobonyeza Enter, Shift na semikoloni. Sasa jaribu kuandika Java bila semikoloni! Wakati huo nilikuwa na kazi ya mteja iliyotakiwa kumalizika kabla ya mwezi kuisha, na malipo yake ndiyo yaliyokuwa kodi ya nyumba. Nilikuwa naiandika kwa vidole vinane.

Daktari alinieleza kwamba neva ya ulna hupita kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, hapo hapo kiganja kinapolalia usukani. Ikigandamizwa na kutikiswa kwa muda mrefu, inalalamika. Ni shida inayojulikana sana kwa waendesha baiskeli. Akanipa njia tatu: punguza uzito unaolalia mikono, punguza mtikisiko, au pumzisha baiskeli. Hiyo ya tatu niliiweka mwisho wa orodha.

HESABU NDOGO YA MABATI

Tuseme matuta ya barabara yameachana nusu mita. Ukienda kilomita 18 kwa saa, hiyo ni mita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo mikono inapigwa mara 10 kila sekunde. Dakika 20 za barabara ya namna hiyo ni mapigo 12,000. Ukiitazama hivyo, huulizi tena kwa nini vidole vinalala. Unashangaa vilivyovumilia muda wote huo.

Dawa ya kwanza ni ya bure, nayo ni upepo. Tairi zangu zilikuwa zikijazwa mpaka zinakuwa kama jiwe, maana mafundi wengi wa mtaani wanaamini tairi nzuri ni ile isiyobonyea. Nikashusha kutoka psi 60 hadi karibu 35 kwenye tairi pana za inchi 2.1. Tofauti ilionekana siku ile ile. Kama mikono inakusumbua, anzia hapo kabla hujatoa hata shilingi moja. Dawa ya pili ni kuinua usukani ili mgongo ubebe sehemu yake ya uzito. Vyote viwili vilisaidia, lakini ganzi haikuisha.

Ndipo wazo la foki yenye springi likaja. Lakini fremu hizi za zamani zilichorwa kwa foki ngumu na fupi. Ukiweka foki ndefu ya kisasa, pua ya baiskeli inainuka, pembe ya shingo inalala, na usukani unakuwa mzito na wa kuyumba kwenye mwendo mdogo. Isitoshe foki za bei ya chini zina uzito mwingi na springi zake hukwama zikishaonja vumbi letu. Kwa lugha yetu ya kazi, kubadilisha foki ni kuandika mfumo mzima upya. Mimi nilitaka kiraka.

KIRAKA CHENYEWE

Stemu ni kile kipande kinachounganisha usukani na shingo ya baiskeli. Mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90, kabla foki za springi hazijawa nzuri na za bei nafuu, Marekani walitengeneza stemu zinazocheza. Mbili zilijulikana sana. Flexstem ya Girvin ilikuwa na bawaba moja, na chini yake kipande cha raba kinachobonyezwa usukani ukishuka. Softride ilikuwa na mikono miwili iliyo sambamba na springi katikati yake.

Tofauti kati yake si ndogo. Kwenye bawaba moja usukani unaposhuka pia unazunguka kidogo, kwa hiyo hata mikono ya breki inabadilisha pembe. Kwenye ile ya mikono sambamba usukani unashuka ukiwa umesimama vile vile. Lakini ya pili ina viungo vingi zaidi, na kila kiungo ni mahali pa kulegea.

Kilichoziua ni foki. Mwaka 1990 Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka kwenye ubingwa wa kwanza wa dunia wa baiskeli za milimani, Durango, Colorado, akiwa na foki ya RockShox. Miaka michache baadaye karibu kila mtu mashindanoni alikuwa na springi mbele. Na ilikuwa haki yao, maana foki inafanya kitu ambacho stemu haiwezi: inaliacha gurudumu lipande na kushuka ili tairi isiachane na ardhi. Stemu hailisaidii gurudumu hata kidogo. Gurudumu, foki na fremu vinaendelea kupigwa kama kawaida. Kinachookolewa ni mikono tu. Mkimbiaji wa mashindano anataka tairi ishike kona. Mimi nilitaka semikoloni yangu. Kwa shida yangu, kile kilichoshindwa sokoni kilikuwa jibu sahihi.

Siku hizi wazo hilo limerudi kwa baiskeli za changarawe. Redshift wanauza stemu ya ShockStop yenye raba ndani yake za kubadilisha kulingana na uzito wako. Lakini ni ya shingo za kisasa zisizo na hesi, si kwa zetu za zamani ambazo stemu inaingia ndani ya bomba na kubanwa kwa kabari.

Ya kwangu niliipata kwenye baiskeli iliyokufa kwa muuza mitumba, fremu imepinda, rimu hazifai. Stemu haikuwa na jina tena, maandishi yalikuwa yamekwaruzwa yote, ila ilikuwa ya bawaba moja na raba. Nikalipa shilingi 1,500 baada ya kubishana kidogo.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGA

Usiamini macho, tumia venia. Bomba la stemu linaloingia shingoni lina vipimo hivi:

1. Milimita 22.2, kwa shingo ya inchi 1.
2. Milimita 25.4, kwa shingo ya inchi 1 na nusu robo. Nyingi za milimani za miaka ya 90 ni hii.
3. Milimita 28.6, kwa shingo ya inchi 1 na robo. Hizi ni chache.

Kuna mtego hapo. Stemu za BMX nyingi na za baiskeli za watoto zina milimita 21.1. Itaingia kwenye shingo ya 22.2, kabari itakaza, na utadhani umemaliza kazi. Lakini inacheza ndani, na siku moja utageuza usukani ukute gurudumu halikufuata. Upande wa kushika usukani, baiskeli za milimani za enzi hizo ni 25.4. Usukani mwembamba kuliko hapo unaweza kuzungushiwa kipande cha bati la alumini lililokatwa vizuri. Lakini bati usilitie kamwe kwenye bomba linaloingia shingoni.

KUFUNGA

Kutoa stemu ya zamani kunahitaji akili kuliko nguvu. Legeza boliti ya juu mizunguko mitatu au minne, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu yake, igonge kwa nyundo mpaka ishuke. Hapo kabari imeachia. Kisha bana gurudumu la mbele kwa magoti na uzungushe usukani. Ikikataa, alumini imeshikana na chuma kwa kutu ya miaka. Mwagia mafuta ya kulegeza, lala, rudi kesho.

Safisha ndani ya bomba, paka grisi stemu mpya mpaka kwenye kabari, ingiza. Kuna alama ya mwisho iliyochongwa kwenye bomba lake: lazima ifichike ndani ya shingo. Ukiona alama, hujamaliza.

Sasa breki, na hapa naomba usome taratibu. Baiskeli nyingi za wakati ule zina breki za kanti, na kwenye nyingi ganda la waya wa breki ya mbele linaishia kwenye stemu yenyewe. Ukifanya hivyo kwenye upande wa stemu unaocheza, fikiria kitakachotokea: unateremka, unabana breki, uzito unakuja mbele, usukani unashuka, waya unalegea, breki inaachia. Yaani breki inakukimbia wakati ule ule unapoihitaji. Ganda la waya lazima liishie mahali pasipocheza, kwa mfano kwenye kibati kinachobanwa chini ya nati ya shingo, na liachiwe urefu wa kutosha kujipinda usukani unaposhuka. Mwenye breki za V, zile Shimano alizozileta mwaka 1996, hana shida hii kwa sababu ganda linafika hadi kwenye breki yenyewe.

RABA

Raba ya miaka 30 si raba tena. Ya kwangu ilikuwa ngumu kama kwato na imepasuka kando. Nikaenda duka la vipuri vya magari, nikanunua raba za shokabu za aina tatu, nikazikata kwa msumeno wa chuma.

Badala ya kukisia nilipima. Niliweka mizani ya kupimia uzito wa mwili kwenye kiti imara, nikageuza baiskeli ili usukani uegemee mizani, nikakandamiza na kusoma kwa rula umeshuka kiasi gani. Raba laini kuliko zote ilifika mwisho wake kabla sijafika kilo 15. Ngumu kuliko zote ilikuwa kama haipo. Ya katikati ilishuka karibu milimita 10 kwa kilo 15. Nikachukua hiyo.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha kama mpenda hesabu. Kitu chochote juu ya springi kina mapigo yake ya asili. Nikichukulia kwamba mikono yangu inaweka kama kilo 10 kwenye usukani, ugumu huo wa raba unatoa karibu mapigo 6 kwa sekunde. Springi hupunguza mtikisiko pale tu unapozidi mapigo yake ya asili kwa karibu mara 1.4, yaani hapa mapigo 8 au 9 kwa sekunde. Chini ya hapo haipunguzi. Ukikaribia 6 inaongeza, mpaka raba yenyewe na misuli ya mikono inyonye kiasi.

Rudi sasa kwenye mabati ya nusu mita. Mapigo 9 kwa sekunde ni kilomita 16 kwa saa. Mapigo 6 ni kilomita 11 kwa saa. Maana yake, kwenye barabara ile ile, anayekwenda 18 anastarehe na anayejikokota kwa 11 anatikiswa kuliko asiye na springi! Nilifunga simu kwenye usukani nikaandika programu fupi ya kusoma kipima mtikisiko chake, na grafu ikaonyesha hivyo hivyo: kilima katikati, kisha mteremko mwendo ukizidi. Kwa hiyo kupunguza mwendo, ushauri ambao kila mtu hutoa, hapa si dawa.

BARABARANI

Nimeitumia miezi minane. Kwenye njia za Bahati mikono inashukuru. Hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, ambako unaruhusiwa kuingia na baiskeli, nilitoka bila ganzi kwa mara ya kwanza. Kupanda Menengai ukiwa umesimama kwenye pedeli ni kero: kila ukivuta usukani unapanda na kushuka, na nguvu inapotea kwenye raba. Dawa ni kupanda ukiwa umekaa. Kuteremka nako kuna tabia yake: ukibana breki ya mbele usukani unainama, kama matatu inayofika kwenye tuta. Utazoea, lakini zoea kwenye uwanja mtupu kwanza.

Adui mkubwa ni vumbi. Vumbi letu la majivu, na lile jeupe la daiatomaiti ukipita upande wa Kariandusi karibu na Gilgil, linasaga bawaba kama msasa. Kila mwezi nafungua, nafuta, napaka grisi, nafunga. Kisha nashika breki ya mbele na kuusukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia "tak", bushi imeliwa.

MZEE WA BONDENI

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Bondeni ambaye ametengeneza baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Alipoiona stemu alitikisa kichwa. "Kijana, usukani unaocheza ni usukani unaotafuta kuvunjika."

Nilimjibu, "Mzee wangu, nipimie basi kama umeshaanza kutafuta."

Akaiosha kwa petroli, akaipaka mafuta ya taa, akaiacha kidogo, akaifuta mpaka ikakauka, kisha akaipaka vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Yangu haikuwa na mstari. Wiki tatu baadaye nilimpelekea nyingine niliyoonyeshwa sokoni, nzuri kwa macho na safi kuliko yangu. Chaki ilichora mstari mwembamba karibu na bawaba, mfupi kama punje ya mchele. Sikuinunua. Alumini haitoi taarifa kabla ya kuvunjika, na stemu ikikatika unaanguka kwa uso.

Tangu hapo mzee ndiye aliyenipa kanuni ninayoifuata: chaki kila baada ya miezi mitatu, na siku mstari utakapotokea, stemu inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, haiuzwi kwa mtu.

NANI ASIFUNGE

Kijana anayetuletea maziwa asubuhi aliiona, akaijaribu, akaipenda. "Bosi, nitafutie na mimi. Mikono yangu pia inakufa."

Nilimwambia hapana, na haikuwa rahisi, kwa sababu mikono yake inafanya kazi kuliko yangu. Lakini yeye anatundika mitungi kwenye usukani. Raba iliyopimwa kwa kilo 10 za mikono, ukiiongezea kilo 20 za maziwa, inafika mwisho wake kabla safari haijaanza, na kila shimo linakuwa nyundo kwenye bawaba. Mzigo unaoyumba juu ya bawaba unavuta pia kona. Si bure kwamba baiskeli za Buffalo, zilizochorwa mahsusi kwa kubeba mizigo kwenye barabara zetu, ni chuma kitupu bila springi, na mzigo unakaa nyuma kwenye kariya.

Tulichofanya ni kingine. Jumamosi tulikwenda kwa mzee, mitungi ikahamishiwa nyuma kwenye kariya ya chuma kilichochomelewa, usukani ukainuliwa sentimita nne, tairi ya mbele ikashushwa upepo, na vishikio vikazungushiwa tyubu ya zamani mara mbili. Gharama yote haikufika bei ya stemu yangu. Wiki mbili baadaye nilimuuliza mikono inasemaje, akasema sasa anaweza kuhesabu noti bila kuziangusha.

Kwa hiyo jibu la swali langu la juu ni hili. Kama una fremu nzuri ya zamani, huna mzigo mbele, shida yako ni mikono na si kona, na uko tayari kuifungua na kuipima kila mara, stemu ya springi inafaa. Kama sharti moja halipo, anza na upepo wa tairi na urefu wa usukani, na huenda ukaishia hapo hapo.

Kazi ya mteja niliimaliza siku mbili kabla ya muda, kwa vidole kumi. Chaki inayofuata ni wiki ijayo. Haya, tuonane barabarani.